Nani Amekupa Ufunguo?

Neno kwa waamini na viongozi wa walei juu ya wasimamizi wa nyumba za kupanga





Kila mwezi, kati ya tarehe mosi na tarehe tano, mamilioni ya jamaa katika miji yetu hutoa kodi ya nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya kaya za mijini nchini Kenya huishi katika nyumba za kupanga. Wengi wao hawamjui mwenye nyumba, wala hawajapata kumwona uso. Wanayemjua ni mtu wa kati: ajenti aliyewaonyesha chumba, akapokea amana na kuwakabidhi ufunguo, pamoja na keateka akaaye karibu na lango. Huyo wa kati ndiye atangazaye kwamba kodi imepanda. Ndiye afungaye maji na kukata stima. Ndiye atiaye kufuli mlangoni, watoto wakirudi kutoka shule wakute wamefungiwa nje.

Swali letu leo ni moja. Mtu huyu ni nani mbele ya sheria? Nani amempa ruhusa ya kushika funguo za nyumba za watu na fedha za watu?

Twasema wazi tangu mwanzo. Anayesimamia makao ya watu kwa malipo hana budi kuwa mtu ajulikanaye na sheria, aliyeandikishwa, na anayeweza kuitwa atoe hesabu. Jambo hili si ombi jipya. Ni sheria ya nchi tangu mwaka 1984. Kuiacha sheria hiyo ilale kabatini si usahaulifu tu. Ni dhuluma, na wako wanaofaidika nayo.

1. Sheria yasemaje

Wako wanaodhani kwamba kazi ya kusimamia nyumba haina masharti, kwamba ni ya yeyote mwenye simu na ulimi mwepesi. Sivyo. Mwaka 1984 Bunge lilitunga Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, nayo ni Sura ya 533 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo haimhusu dalali wa mashamba peke yake. Yataja kuuza, kuweka rehani, kupangisha, na hata kusimamia majengo. Aingiaye kati ya mwenye nyumba na mpangaji, akawakutanisha au akajadili masharti kwa niaba yao, amefanya kazi ya wakala. Na kazi hiyo ni ya waliosajiliwa tu. Kuna Bodi maalum iliyowekwa kuwasajili. Bodi hiyo humwangalia mtu elimu yake na sifa zake kabla ya kumwandika, tena yaweza kumfuta akienda kinyume na taratibu za kazi. Asiyesajiliwa akiifanya kazi hiyo ametenda kosa la jinai. Aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miaka miwili, au apewe adhabu zote mbili.

Hiyo ni sheria juu ya mtu mwenyewe. Ziko nyingine juu ya matendo yake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yaingiza ahadi katika kila mapatano ya kupangisha, hata kama hazikuandikwa. Ya kwanza ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake atakaa kwa utulivu, pasipo kusumbuliwa na mwenye nyumba wala na mtu amwakilishaye. Nyingine ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kitakuwa kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia, na kitadumishwa hivyo muda wote wa kupanga. Na pale ambapo muda haukutajwa, na kodi hutolewa kila mwezi, anayetaka kuvunja mapatano hana budi kutoa notisi ya muda ulio sawa na huo.

Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, yaenda mbali zaidi kwa ajili ya maskini. Yamtaka mwenye nyumba kuweka kitabu cha kodi na kumpa mpangaji nakala yake. Yakataza kumfukuza mpangaji bila amri ya Baraza la Kodi za Nyumba, tena yakataza kumsumbua kwa nia ya kumfanya ahame mwenyewe.

Na kama mpangaji ana deni? Deni ni deni, nasi hatumfundishi mtu yeyote kula jasho la mwenziwe. Lakini hata deni lina njia yake. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, yampa mwenye nyumba haki ya kudai kwa kukamata vitu vya mdaiwa. Na kazi hiyo hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali wa Mnada ya mwaka 1996. Haifanywi na vijana wanne waliokodiwa kijiweni. Haifanywi kwa kung'oa mlango wala kwa kuezua mabati mvua ikinyesha. Katika sheria zote tulizozitaja, hakuna hata moja inayomkabidhi keateka kufuli amfungie mtu nje ya nyumba yake.

Juu ya yote hayo iko Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 chatamka haki ya kila mtu ya kupata makao ya kutosha na usafi wa kiasi kinachofaa. Kifungu cha 28 chatamka heshima ya utu. Kifungu cha 31 chalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mali yake. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya wenye nyumba za mawe na bustani peke yao.

2. Kwa nini cheti ni jambo la haki

Mwingine atauliza: karatasi yamsaidia nini mama anayefua nguo za watu huko Pipeline au Mathare?

Tufanye hesabu pamoja. Chukua jengo lenye vyumba 60, kila chumba shilingi 6,000 kwa mwezi. Kodi ya mwezi mmoja ni shilingi 360,000. Kila mpangaji, siku ya kuingia, alitoa amana ya mwezi mmoja, au dipoziti kama wengi wanavyoiita. Hiyo ni shilingi 360,000 nyingine. Fedha hizo si za ajenti. Wala si za mwenye nyumba, maadamu mpangaji hajaharibu kitu wala hadaiwi. Ni mali ya wapangaji 60, iliyowekwa kwa uaminifu. Lakini iko wapi? Mara nyingi sana ilitumwa katika namba ya simu ya mtu binafsi, ikachanganyika na fedha zake za chakula na za karo. Siku akizima simu, jasho la jamaa sitini limepotea, na hakuna ajuaye jina lake kamili.

Wakala aliyesajiliwa anaweza naye kuwa mwizi. Hatusemi kwamba cheti humfanya mtu kuwa mtakatifu. Twasema kwamba aliyesajiliwa ana jina, ana ofisi, na ana Bodi iwezayo kumvua kazi yake. Ana cha kupoteza. Asiyesajiliwa hana cha kupoteza, na mtu asiye na cha kupoteza hafai kushika mali ya yatima na wajane.

Tena kuna jambo lililo zito kuliko fedha. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka mtaani Huruma, Nairobi. Watu wapatao hamsini walikufa. Baada ya msiba wakuu wa serikali walieleza kwamba jengo lile halikuwa na idhini, kwamba lilisimama karibu mno na mto, na kwamba lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa la kubomolewa. Hata hivyo watu walikuwa wamelala ndani yake, na kodi ilikuwa ikipokelewa. Hatumhukumu mtu kwa msiba ule. Hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini twauliza swali linalohusu kila jengo la namna ile katika miji yetu. Yule apokeaye kodi ya chumba chenye nyufa ukutani ana wajibu gani? Msimamizi ajuaye sheria, na aogopaye kupoteza cheti chake, ana sababu ya kukataa kupangisha jengo la hatari. Msimamizi asiyejulikana ana sababu moja tu, nayo ni kuujaza kila mlango.

3. Visingizio

Tumesikia majibu mengi kila tunapolizungumza jambo hili. Yafaa tuyajibu moja moja.

Ajenti husema: “Mimi ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi.” Methali hiyo ni ya kweli kwa mjumbe wa kweli. Mjumbe huchukua neno, akalifikisha, akarudi. Anayekata sehemu yake katika kila kodi, akachagua nani aingie na nani atoke, akaongeza ada ya kuonyesha nyumba na ada ya kuandika jina, huyo si mjumbe. Ni mfanyabiashara, na biashara hiyo ina sheria yake.

Mwenye nyumba naye husema: “Mimi sijui, mwulizeni ajenti.” Hapa twasema kwa uthabiti. Atendalo wakala katika kazi aliyotumwa ni la aliyemtuma. Kodi ikifika mfukoni mwake, mwenye nyumba hasemi kwamba haijui. Basi na kilio kilichofuatana na kodi hiyo asiseme hakijui. Bwana wetu alisimulia juu ya msimamizi aliyeitwa na tajiri wake atoe hesabu ya usimamizi wake. Tunaisoma habari hiyo katika Luka sura ya 16. Tajiri yule alisikia habari mbaya, akauliza. Matajiri wetu husikia, wakageuka upande wa pili.

Wengine hutuambia: “Mnawaonea makeateka, nao ni maskini kama sisi.” Jambo hili tumelifikiri sana. Keateka si wakala. Keateka ni mfanyakazi: hufagia ngazi, hufungua lango, huangalia tangi la maji. Naye ana haki zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na mshahara ulipwe kwa fedha. Ni makeateka wangapi walio na mkataba? Wengi hulipwa chumba cha giza chini ya ngazi, pamoja na bakshishi. Kisha hutumwa usiku kumfungia jirani yao mlango. Na polisi wakija asubuhi, wa kwanza kukamatwa ni wao, mwenye nyumba akiwa amelala salama kwake. Kumtumia maskini kumtesa maskini mwenziwe si kumpa kazi. Kudai sheria ni kumtetea keateka pia, apewe mshahara wake, na aondolewe mzigo usio wake.

Wako wasemao: “Mkidai vyeti, kodi itapanda.” Lakini mpangaji analipa gharama ya uvunjaji wa sheria sasa hivi. Anailipa katika amana asiyorudishiwa. Anailipa katika ada za kuonyeshwa vyumba visivyokuwapo. Anailipa pale chumba kimoja kinapopangishwa kwa watu watatu siku moja, na wote watatu wakakutana mlangoni na magodoro yao. Gharama hiyo haiandikwi popote, ndiyo maana wenye kufaidika huiita nafuu.

Na wako wenye hoja ya haki, wasemao kwamba masharti ya Bodi yalitungwa kwa ajili ya ofisi za mjini na mitaa ya matajiri, kwamba kijana mwaminifu wa Kayole asiye na elimu ya chuo hataandikishwa kamwe. Twakubali kwamba hapo pana tatizo. Lakini dawa ya mlango mwembamba ni kuupanua, si kubomoa ukuta. Iwekwe ngazi ya chini ya usajili kwa wanaosimamia nyumba za kodi ndogo, wapewe mafunzo mafupi na kuapishwa, wapewe namba, na majina yao yabandikwe katika ofisi ya chifu. Mwaminifu hataogopa jambo hilo. Atalifurahia, maana leo hii anachanganywa na matapeli.

4. Serikali na macho yake

Waswahili husema, penye miti hapana wajenzi. Sheria tunazo tele.

Faini ya shilingi 20,000 ilikuwa kitu cha kutisha mwaka 1984. Leo yamtisha nani? Tuirudie hesabu yetu ya vyumba 60. Ajenti akikata sehemu ya kumi ya kodi, apata shilingi 36,000 kwa mwezi mmoja. Atalipa faini kubwa kabisa iliyowekwa na sheria, na atabakiwa na shilingi 16,000 mkononi. Adhabu ya namna hiyo ni kama bei ya leseni isiyo rasmi.

Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba nayo yazilinda nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo cha kodi hiyo chaanzia tarehe 1 Januari 1981. Ni vyumba vingapi vya Nairobi au Mombasa vilivyobaki chini ya kiasi hicho? Sheria iliyokusudiwa kuwa mwavuli wa maskini imekuwa ndogo kama kofia. Mwaka 2021 muswada mpya wa mwenye nyumba na mpangaji ulifikishwa Bungeni, ili kuziunganisha sheria hizi za kale kuwa moja. Bunge lile likamaliza muda wake mwaka 2022, na muswada haukuwa sheria.

Hata hivyo serikali si kipofu, maana pale ilipotaka kuona, iliona. Tangu mwaka 2016 wenye nyumba za kupangisha wa kiasi fulani cha mapato walitozwa ushuru wa asilimia 10 ya kodi wanayopokea. Tangu Januari 2024 ushuru huo ukawa asilimia 7.5. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikampa Kamishna wa Ushuru uwezo wa kuteua mawakala wa kuukusanya kutoka kwa wenye nyumba. Ushuru ni halali, nasi twahimiza kila Mkristo aulipe. Lakini tazameni jambo hili. Serikali ilipohitaji fedha, ilijua kwamba kati ya mwenye nyumba na mpangaji yuko mtu ashikaye kodi, ikamtafuta, ikamwandikia sheria. Mpangaji anapofungiwa nje na kufika kituo cha polisi, huambiwa kwamba hilo ni jambo la watu wawili, wakalimalize nyumbani. Nyumbani gani, naye amefungiwa?

Twadai basi mambo manne. Kwanza, Bodi na polisi waitekeleze Sura ya 533 katika mitaa ya maskini kama ilivyo haki kutekelezwa katika mitaa ya matajiri. Pili, adhabu ipandishwe hadi kiasi ambacho mvunja sheria atakihisi. Tatu, amana za wapangaji ziwekwe katika akaunti ya pekee ya benki, na irudishwe kila moja katika muda uliowekwa. Nne, serikali za kaunti, ambazo Katiba imezikabidhi mipango na makao katika Nyongeza yake ya Nne, ziweke daftari la majengo ya kupangisha, likionyesha jina la mwenye jengo na jina la anayelisimamia.

5. Je, hili ni jambo la Kanisa?

Baadhi ya waamini wamelalamika kwamba padre aongee juu ya sala, mambo ya kodi awaachie mawakili. Twawajibu kwa upole. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu, ulihesabu nyumba pamoja na chakula na mavazi miongoni mwa mambo ambayo binadamu hawezi kuishi kwa utu bila hayo. Mwaka 1987, mwaka wa kimataifa wa wasio na makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati nzima juu ya Kanisa na shida ya nyumba. Manabii Isaya na Mika waliwakemea wenye kujilimbikizia nyumba na kuwanyang'anya watu makao yao, nao hawakuambiwa na Mungu warudi hekaluni wanyamaze.

Lakini kemeo lisielekezwe nje peke yake. Wenye majengo wengi wako katikati yetu. Hukaa viti vya mbele, hutoa zaka, husaidia ujenzi wa kanisa, nasi twawashukuru. Twawaambia kama ndugu: sadaka iliyotoka katika kodi ya mtu aliyefungiwa mtoto mgonjwa ndani au nje haipandi mbinguni pamoja na sadaka nyingine. Mtafuteni wakala aliyesajiliwa, au simamieni nyumba zenu wenyewe na kujulikana uso. Vivyo hivyo parokia, shule na vyama vya kitume vyenye vyumba vya kupangisha viwe mfano: mapatano yaandikwe, risiti zitolewe, amana zihifadhiwe, na msimamizi awe halali. Haifai Kanisa liidai serikali haki ambayo mpangaji wa Kanisa haipati.

6. La kufanya

Ninyi mnaopanga, shikeni mambo haya.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, ulizeni kwa adabu: jina lako kamili ni nani, umesajiliwa na Bodi, cheti kiko wapi, na mwenye nyumba ni nani? Jina la wakala laweza kuulizwa kwenye Bodi yenyewe. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Takeni mapatano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yataje kodi, amana, notisi, na namba ya kulipia. Lipeni kwa namba iliyoandikwa humo tu. Wekeni risiti zote na ujumbe wa simu, msiufute.

Siku ya kuingia, kagueni chumba pamoja na shahidi, mkaandike yaliyovunjika, na pande zote mbili zitie sahihi. Karatasi hiyo ndiyo itakayoitetea amana yenu siku ya kutoka.

Amana ikizuiliwa bila sababu, iko Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yaitaka imalize kesi katika siku 60. Huhitaji kuwa na wakili.

Mkifungiwa mlango, msiuvunje, wala msipigane na keateka. Piteni kwa jirani, piga picha, andikeni saa na majina ya mashahidi, mfike kituo cha polisi mkaandikishe taarifa na kupewa namba yake. Kisha fikeni kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia.

Na ninyi wenye deni, msijifiche. Nendeni mapema kwa mwenye nyumba, mkaandikiane namna ya kulipa. Haki ina pande mbili, na anayeihama nyumba usiku bila kulipa amemwumiza mpangaji ajaye baada yake.

Viongozi wa walei, kila Jumuiya Ndogo Ndogo na ichague watu wawili wa kuandika orodha ya majengo ya eneo lake: jina la jengo, jina la msimamizi, na kama amesajiliwa au la. Msiandike uvumi, andikeni mlichokihakikisha. Orodha hizo zikikusanywa katika parokia, tutaweza kwenda kwa Bodi, kwa kaunti na kwa mbunge tukiwa na ushahidi mkononi. Malalamiko ya mtu mmoja hupotea mezani. Orodha ya mtaa mzima haipotei kwa urahisi.

Ndugu wapendwa, kushika ufunguo wa nyumba ya mwingine ni dhamana kubwa. Aliyepewa dhamana hukubali kuulizwa. Basi tuulize, sote kwa pamoja, bila matusi na bila woga, mpaka tujibiwe.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Ni nani anayesimamia nyumba unamoishi? Unalijua jina lake kamili na la mwenye nyumba?

2. Someni Luka 16:1-8. Msimamizi yule aliitwa kutoa hesabu. Katika mtaa wetu, nani anapaswa kuitwa atoe hesabu, na nani anapaswa kumwita?

3. Je, yuko katika Jumuiya yetu mwenye nyumba, wakala au keateka? Tumsikilize naye: ni mambo gani yanayomzuia kufuata sheria, na twaweza kumsaidiaje?

4. Ni hatua ipi moja tutakayoichukua kabla ya tarehe tano ya mwezi ujao?